Bolti Moja Kati ya Nne

Nilikubali kwenda safari ile kwa sababu moja tu, na haikuwa kutazama milima. Wanaopenda milima wana nafasi ya kuipenda. Mimi nilikuwa namtaka mtu. Nilitaka siku kumi na mbili na Nyapara mahali pasipo na mlango wa ofisi, wala katibu wa kuniambia bosi yuko kikaoni, wala mlinzi wa kunishika kola na kunitoa nje ya geti. Nilitaka atamke jambo moja mbele ya shemeji yangu: kwamba ripoti aliyoitia saini miaka kumi na mmoja iliyopita ilikuwa uongo.

Ripoti yenyewe naijua neno kwa neno. Ni mistari mitatu. "Marehemu aliondoa kinga ya mashine kwa hiari yake. Ajali ilitokana na uzembe wa marehemu. Kampuni haina lawama." Chini yake ipo saini ya Nyapara, yenye mkia mrefu kama wa panya. Marehemu ni mdogo wangu, baba mmoja mama mmoja, na alikuwa na miaka ishirini na tisa. Rola ya mashine ya kukunja maboksi ilimkamata mkono wa ovaroli Jumanne, saa tatu na dakika kumi asubuhi. Hakufika hospitali. Nyapara siku hiyo alivaa shati la mistari ya kijani na kifungo cha pili kutoka juu hakikuwepo. Mimi sisahau. Watu hunishauri nisahau, hasa wale ambao kusahau kwangu kungewafaa.

Safari ilikuwa ya mdogo wangu. Zamani tulikuwa wanne. Yeye alikuwa kwenye rola, mimi fundi mitambo, na Nyapara alikuwa mwenzetu wa zamu, kabla hajapewa filimbi na cheo. Wa nne ni Mpimaji, mpima ardhi aliyekuja kupima kiwanja cha nyuma ya kiwanda akaishia kunywa chai yetu. Siku moja mdogo wangu alichukua kipande cha boksi akachora njia ya kwenda kusini kabisa: nchi tatu, barabara za changarawe, kulala kwenye mahema, pikipiki nne. Pembeni akaandika majina manne. Baada ya mazishi, kipande kile alibaki nacho mkewe.

Mkewe anashona viti vya pikipiki na maturubai, chumba kinachotazamana na gereji yangu. Pikipiki ya marehemu hakuiuza. Alijifunza kuiendesha mwenyewe kwenye uwanja wa mpira, Jumapili baada ya Jumapili, anaanguka anainuka, watu wanacheka, yeye hawaangalii. Mwaka huu alivuka barabara na kipande cha boksi mkononi, akakiweka juu ya injini niliyokuwa nimeipasua.

"Mwezi wa sita tunaondoka," alisema.

"Sisi nani?"

"Walioandikwa."

"Hata huyo?"

"Kaandikwa au hakuandikwa?"

"Shemeji, huyo mtu alimzika mumeo mara mbili."

"Nimekuuliza swali dogo. Kaandikwa au hakuandikwa?"

Kaandikwa. Na alipoambiwa, Nyapara akakubali siku hiyo hiyo, jambo lililonishangaza. Siku hizi ni meneja msaidizi wa uzalishaji. Alikuja na pikipiki mpya, kubwa, ina mishikio inayopasha mikono moto. Mimi nilikuja na ile niliyoiunganisha mwenyewe kutoka kwenye mizoga mitatu.

Niseme pia jambo la shemeji, kwa kuwa nilikuwa nimeliweka kumbukumbuni pamoja na mengine. Kila mwaka, tarehe ya ajali, nasimama getini pa kiwanda na vipeperushi. Naviandika mwenyewe, maana shule niliiacha darasa la sita na hakuna aliyewahi kuniandikia kitu. Miaka kumi na mmoja, shemeji hakuja getini hata mara moja. Nikimwambia njoo utie saini barua ya kutaka uchunguzi ufunguliwe upya, anasema ana kiti cha kumalizia. Nilimhesabia woga. Kumbe sikujua ninachohesabu.

Mpimaji ndiye alitupangia msafara. Ni mtu wa ramani, haongei akiwa hana kipimo. "Huko mbele hakuna mtandao," alisema asubuhi ya kuondoka, "kwa hiyo sheria ni moja. Ukifika njia panda unasimama, unamngoja aliye nyuma yako mpaka aone ulipoelekea. Usihangaike na wa mbele. Wa mbele anakungoja wewe. Wako ni wa nyuma."

Yeye akawa wa kwanza, Shemeji wa pili, Nyapara wa tatu, na mimi mwenye spana na viraka nikawa mkia. Maana yake ni kwamba kila njia panda, aliyesimama kuningoja ni Nyapara.

Na aliningoja. Hilo ndilo lililonikera kuliko yote. Ningetokea kwenye vumbi nimkute amesimamisha ule mtambo wake pembeni, mguu mmoja chini, kioo cha helmeti kimeinuliwa, anatazama nyuma kama mzazi aliyekuja kuchukua mtoto shuleni. Ananinyooshea kidole gumba. Simjibu. Anaondoka. Siku ya kwanza mara saba, siku ya pili mara tisa. Nilihesabu.

Kituo cha kwanza cha mpaka tulipanga foleni kwenye chumba cha mabati chenye dirisha moja na kalamu moja iliyofungwa kwa kamba. Afisa akaniuliza kazi yangu.

"Fundi pikipiki."

"Unakuja kufanya nini huku?"

Kabla sijafungua mdomo Nyapara akadakia kutoka nyuma. "Tunatembea tu, mkuu. Huyu ndiye daktari wetu, bila yeye hatufiki popote."

Afisa akacheka, akagonga muhuri. Tulipotoka nje nikamgeukia. "Usinisemee tena."

"Nilikuwa nasaidia, bwana."

"Uliwahi kutusaidia. Tunakumbuka ilivyokuwa."

Akavaa glavu zake, kidole kimoja kimoja, bila haraka. "Wewe unakumbuka mengi," alisema. "Sijui kama unakumbuka yote."

Niliyachukulia ni maneno ya meneja. Mameneja wamefundishwa kusema vitu vyenye ukungu.

Siku ya tatu jioni, jua bado lipo, tulipiga mahema pembeni ya tambarare ya chumvi, nyeupe mpaka macho yanauma. Mpimaji alikuwa amepiga magoti mbele ya jiko la gesi. Shemeji alikuwa anashona pembe ya hema lililochanika, kopo lake la sindano likiwa mapajani. Ni kopo la biskuti, kuukuu, ambalo hamwachii mtu kulishika. Hata gerejini kwangu ukimwomba sindano anaitoa mwenyewe na kulifunga.

Nyapara alikuwa anafuta pikipiki yake kwa kitambaa laini.

"Hivi hiyo mishikio inapasha kweli?" nikamwuliza.

"Inapasha. Asubuhi baridi ikiwa kali unaona raha."

"Vizuri. Kuna mikono ilipoa zamani na haijapashwa mpaka leo."

Mpimaji akainua kichwa. "Jamani, tumekuja kulala nje au tumekuja kwenye mkutano wa hadhara?"

"Wewe pima chai," nikamwambia. Kisha nikamtazama Nyapara usoni. "Nakuuliza mbele ya mwenye mume. Nani aliondoa kinga?"

Akaacha kufuta. Nyuma yake chumvi ilikuwa inawaka. "Liache hapo lilipo, Fundi."

"Kwa faida ya nani?"

"Siyo yangu."

Nikacheka kwa sauti. Nilikuwa na mengi ya kusema, nimeyapanga kwa kilomita mia nane. Lakini Shemeji alikata uzi kwa meno, akasema bila kunitazama, "Shemeji, inatosha. Aliyeondoa mimi namjua."

"Unamjua kutoka wapi? Kwenye karatasi ya huyu?"

Akafunga kopo, akalikandamiza kwa kiganja mpaka likalia, akaingia hemani. Nilikasirika naye kuliko nilivyomkasirikia Nyapara. Nikawaza: wamemfundisha mpaka amemaliza. Mjane anaitetea rola.

Siku ya nne na ya tano sikusema na mtu. Barabara ilikuwa ya mawe kama ngumi na sikio likalewa kelele ya injini. Nyapara aliendelea kuningoja. Siku ya tano aliningoja dakika arobaini kwenye jua kali kwa sababu nilipata pancha, na nilipofika aliniletea chupa ya maji. Nikaimwaga mbele yake. Najua ilikuwa jangwani. Ningeimwaga tena.

Siku ya sita asubuhi nilikuwa nakaza cheni ya Shemeji. Pikipiki ya marehemu ni ya zamani, cheni yake imefunikwa yote kwa kava la bati, na kava linashikwa na bolti nne. Nilizifungua zote nne, nikavuta gurudumu, nikapima ulegevu kwa kidole, sawa. Nikarudisha kava, nikafunga bolti ya kwanza. Hapo nikamwona Nyapara anakwenda peke yake kwenye bomba la maji la kambi tuliyolala, yuko mbali na wenzake, hana pa kujificha. Nikajifuta mikono nikamfuata.

Tulizozana pale kama dakika kumi na tano. Nilimwita mbwa wa mwenye kiwanda, akaniita santuri iliyokwama. Nilimwambia nitamfuata mpaka kaburini, akasema nichukue namba ya foleni. Mpimaji akapiga honi kwamba jua linapanda. Nikaenda nikavaa helmeti, tukaondoka.

Kabla ya saa sita tulikuwa kwenye mchanga laini, mwendo wa polepole, kila mtu miguu nje. Nikiwa nyuma niliona mgongo wa Shemeji ukiyumba, kisha kitu cha bati kikaruka, kisha kamba ya begi lake la pembeni ikavutwa kana kwamba mtu anaivuta kwa nguvu kutoka ndani ya gurudumu, na pikipiki ikalala na yeye chini yake.

Nilifika wa pili. Nyapara alikuwa ameshaiinua pikipiki kwa mikono miwili, na Shemeji alikuwa amekaa mchangani anajishika kiwiko. Suruali imechanika gotini, damu kidogo, macho makavu.

"Sijavunjika," alisema. "Nini kimetokea?"

Mpimaji aligeuza, akaja mbio. Kamba ya begi ilikuwa imeingia kwenye cheni na kusagwa. Kava lilikuwa linaning'inia. Kama ingekuwa mguu wa suruali badala ya kamba, nisingekuwa na haja ya kueleza lolote.

Nyapara akachuchumaa. Akalitazama kava. Akaweka kidole kwenye tundu la kwanza, lina bolti, imelegea. La pili, tupu. La tatu, tupu. La nne, tupu. Aliponyanyuka hakuwa na ile sura ya meneja. Alikuwa na sura niliyoifahamu tangu tukiwa zamu moja, ya mtu mwenye hasira asiyejua aiweke wapi.

"Bolti moja," alisema. "Mungu wangu. Bado unafunga bolti moja."

"Ulinichelewesha wewe pale bombani."

"Mimi?"

"Ningezifunga. Nilikuwa nazifunga."

"Toa kilichomo mfukoni mwako."

"Usiniamrishe, hapa si kiwandani."

"Mfuko wa shati, Fundi. Toa."

Niliingiza mkono mfukoni ili nimwonyeshe hakuna kitu. Vidole vikagusa chuma. Nikazitoa. Bolti tatu, zimelala kiganjani mwangu, zina vumbi la tumbaku.

Nikamwona Shemeji anazitazama. Hakunitazama mimi, alizitazama bolti. Akainuka akichechemea, akaenda kwenye begi lililosagwa kamba, akachimba ndani, akatoka na kopo la sindano. Akalifungua. Akatoa mikasi, akatoa rili za uzi, akatoa kitambaa kilichokunjwa mara nyingi. Akakikunjua juu ya kiti cha pikipiki ya mumewe.

Zilikuwa bolti tatu. Kubwa kidogo kuliko zangu, nyeusi kwa grisi ya zamani. Nilizitambua bila kuambiwa, jinsi unavyotambua mwandiko wako mwenyewe.

"Hospitali walinipa vitu vyake kwenye mfuko wa plastiki," alisema. "Funguo, leso, na hizi. Nesi akasema zilikuwa mfukoni mwa ovaroli. Ripoti ikaja, inasema aliondoa kinga mwenyewe. Nikatazama hizi. Ningesema nini? Unaniita getini nikapige kelele kwamba mume wangu hakuondoa, wakati nimezishika mkononi?" Sauti yake haikupanda hata kidogo. "Miaka kumi na mmoja namwuliza kila nikifungua kopo. Ulikuwa na haraka ya nini, mume wangu? Ulikuwa unakimbilia wapi?"

Kisha akamgeukia Nyapara. "Sasa wewe. Zilifikaje mfukoni mwake?"

Nyapara akavua helmeti. Nywele zilikuwa zimemganda kwa jasho. "Niliziweka mimi."

Mpimaji akasema, "Ah," kama mtu aliyekanyaga msumari.

"Zilikuwa kwenye kofia ya Fundi," Nyapara akaendelea, anaongea na Shemeji tu. "Juu ya toroli la spana. Asubuhi ile karatasi ilikwama mara nne kabla ya saa tatu. Kila ikikwama, kinga inafunguliwa, bolti nne, zinarudishwa, bolti nne. Ubaoni dakika za mashine kusimama zinahesabiwa. Mafundi walikuwa wanafunga moja ili karatasi ikikwama tena waizungushe kinga pembeni tu. Wote. Mimi nilikuwa naona, nanyamaza. Ile ya mwisho alifunga huyu. Mumeo hakugusa kitu. Alikuwa anapita kufagia vipande. Kinga ilijizungusha yenyewe kwa mtikisiko, rola ikawa wazi, mkono wa ovaroli ukaingia. Hakufungua kitu, mama. Hakuwa na haraka yoyote."

Sasa nitasema kitu ambacho sikukisema siku ile. Kumbukumbu yangu ina shati la kijani. Ina kifungo kilichopotea, ina saa na dakika, ina mkia wa saini. Nimeilisha miaka kumi na mmoja, imenenepa. Lakini mkono wangu mwenyewe haukuwemo. Niliutafuta pale mchangani nikaupata mara moja: spana namba kumi na tatu, nageuza mara mbili, kengele inalia, mtu ananiita mashine namba sita, nasema nitarudi. Ulikuwepo siku zote. Nilikuwa nimeuwekea kinga, na hiyo niliifunga bolti zote nne.

Lakini hasira haikutoka. Ningependa kuwaambia ilitoka. Nilimrukia Nyapara nikamshika shati, bolti zingali ngumini. "Ulimsingizia maiti!"

"Ningemwandika nani?" Alinishika vifundo vya mikono, ana nguvu bado. "Nilikuwa na fomu, na nusu saa, na watu wawili. Mmoja ameshakufa. Mwingine nikimwandika anakwenda jela. Mama yenu ana watoto wawili tu. Nilimwachia mmoja! Halafu yule niliyemwachia akanisimamia getini miaka kumi na mmoja na karatasi inayoniita muuaji, na watoto wangu wanaisoma!"

"Si ungesema!"

"Ningekwambia wewe? Wewe unaambiwa?"

"Na wa tatu?" nikapiga kelele. "Fomu ile ilikuwa na nafasi ya tatu! Nani alitundika ubao wa dakika? Nani alisema zamu ikichelewa inakatwa mshahara? Uliona watu wawili tu, wote wa chini, ukachagua kati yao kama mnunuzi wa mbuzi! Kwa nini hukumwandika mwenye kiwanda?"

Nyapara akaniachia. "Kwa sababu ndiye aliyenipa kalamu," alisema.

Hilo lilikuwa jibu la kweli la kwanza kulisikia kutoka kwake, na halikuniridhisha, na haliniridhishi mpaka leo. Maana ukishajua kalamu ni ya nani, unaweza kuiweka chini. Hakuiweka. Akapanda cheo.

Shemeji hakuwa anatusikiliza. Alikuwa amechukua spana kwenye mkoba wangu bila kuniomba. Akazichukua bolti tatu za kava kutoka kiganjani mwangu, moja moja, bila kugusa ngozi yangu. Akapiga magoti kwenye mchanga na goti lake bovu, akafunga ya kwanza akaikaza, ya pili, ya tatu, ya nne. Kila moja aliijaribu kwa nguvu mpaka uso ukakunjamana. Sisi wanaume watatu tulisimama kama tumeitwa na mwalimu mkuu.

Alipomaliza akanirushia spana. "Wewe huwa unaandika," alisema. "Unaandika vizuri, watu wote wanasema. Andika."

"Niandike nini, shemeji?"

"Ilivyokuwa. Na huyu atie saini. Mpimaji, kuna njia panda mbele?"

Mpimaji akatazama ramani kama mtu aliyepewa zawadi. "Kilomita kumi na moja."

"Mimi na wewe tutasubiri hapo. Hawa wawili watakuja na karatasi. Wakija bila karatasi, sitakuwepo." Akafunga kopo. "Na hivyo vipeperushi vyako vyote, shemeji, sijawahi kuona kimoja chenye jina lako."

Waliondoka. Tukabaki mimi na Nyapara, mchanga na nzi. Niliandika kwenye daftari langu la huduma za pikipiki, nimeegemea tangi lililokuwa la moto. Alikuwa anasoma juu ya bega langu.

"Usiandike 'kibaraka'," alisema.

"Ni neno sahihi."

"Ni neno lako. Andika nilichofanya, nitatia saini. Ukiandika nilivyo, sitii."

"Utafukuzwa kazi."

"Najua."

"Na mimi nitaitwa polisi."

"Najua pia. Andika, jua linachoma."

Nikaandika. 'Kibaraka' nikalifuta, kwa shida. Akatia saini ile ile yenye mkia. Hatukupeana mikono, na asije mtu akaniuliza kwa nini. Nikamwambia atangulie, sheria ni sheria. Akatangulia.

Kwenye njia panda Shemeji alikuwa amekaa juu ya pikipiki, injini imezimwa, kiwiko kimefungwa kitambaa. Nikampa daftari. Alisoma polepole, midomo ikitembea. Alifika mwisho, akarudi juu, akasoma tena. Kisha akanigeuzia ukurasa na kuweka kidole.

"Wa kwanza umemweka mwenye kiwanda na ubao wake."

"Ndiye chanzo, shemeji. Bila ubao ule hakuna ambaye angefunga bolti moja."

"Wa pili ni huyu."

"Ndiyo."

"Wewe uko mstari wa mwisho. Tena umeandika 'fundi wa zamu'. Fundi wa zamu ndiye nani?"

Nilianza kueleza. Nina maelezo mazuri juu ya jambo hilo, nimesoma vitabu peke yangu, naweza kuonyesha kwa nini lawama hushuka kama maji na kwa nini kazi yetu ni kuipandisha juu. Yote ni kweli, na bado nayaamini. Aliniacha nimalize. Upepo ulikuwa unapeperusha ukurasa naye ameushika kwa kidole.

"Mwenye kiwanda abaki," alisema. "Simtoi, na getini nitakwenda mwenyewe nikalisome jina lake kwa sauti. Lakini mimi sikuolewa na mwenye kiwanda. Nataka kujua nani aligusa spana. Huyo awe wa kwanza. Kwa jina."

Nyapara alikuwa anatazama upande mwingine. Mpimaji alikuwa anapima upeo wa macho.

Nilichana ukurasa. Nikaweka daftari juu ya tangi la pikipiki ya mdogo wangu, maana ndilo lililokuwa karibu, na Shemeji akalishika lisipeperuke. Nikaandika jina langu, la kwanza, la baba na la babu, kama nilivyoandikishwa siku naajiriwa. Halafu nikaandika: "Mimi ndiye niliyeifunga kinga."

"Endelea," alisema Shemeji.